Shangazi, shamba usiuze kwanza

Shangazi shikamoo. Nimesikia ile voisi inayozunguka kwenye grupu la ukoo, eti marubani Marekani wanalipwa kama wabunge na mimi nimejificha tu nisitume hela, na sasa unataka kuuza shamba kijana aje kusomea urubani. Nimekasirika sikufichi, ila nikikaa kimya maneno yanazidi.

Kampuni yangu sio ile mnayoisoma ubavuni mwa ndege kwenye picha zangu. Rangi ni ya shirika kubwa, tiketi anauza shirika kubwa, anayerusha ni kampuni ndogo yenye mkataba, na mkataba anaupata mwenye bei ya chini. Mafuta mara nyingi analipia yule mkubwa, kwa hiyo cha kubanwa kinachobaki ni sisi. Deiwaka wa angani, basi.

Nilipoanza mimi, rubani msaidizi kwenye hizi kampuni alikuwa anaanzia kama dola 20,000. Kwa mwaka shangazi, sio kwa mwezi! Na saa zinahesabiwa ndege ikianza kusogea mpaka ikisimama, ule muda wa kukagua ndege au kukaa eapoti nusu siku kusubiri theluji ipungue, hola. Shati limepigwa pasi, mistari begani, usiku tunapokezana vitanda marubani kibao kwenye chumba kimoja maana kupanga peke yako mji ule haiwezekani. Ada za wadogo zilitoka humohumo na mkasema ni kidogo. Hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Kwa nini tulikubali? Foleni. Kila mtu anatafuta masaa ya kurusha ili aende shirika kubwa, na enzi hizo sheria ilimruhusu mwenye masaa 250 tu kukaa kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi, sasa wewe ukilalamika yuko mwenzio mlangoni anakuombea uondoke. Watu wanadhani umebeba abiria 70 basi utalipwa kwa uzito wa roho 70. Wapi! Unalipwa kwa kuangalia wangapi wako tayari kukikalia hicho kiti.

Februari 2009 ndege ya Colgan, kampuni ndogo ya mkataba kama hizi zetu, ikaanguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, ndio Wamarekani wakashtuka kusikia rubani msaidizi alikuwa anaishi kwa wazazi wake huko Seattle na kazi yake iko Newark, anavuka nchi nzima usiku kwenda kuripoti. Ikaja sheria, kuanzia 2013 lazima masaa 1,500, waliotoka jeshini au vyuo vya urubani wanapunguziwa. Foleni ikakatika. Halafu korona, 2020 mashirika makubwa yakawalipa marubani wazee ili wastaafu mapema, abiria waliporudi marubani hawapo, na 2022 baadhi ya kampuni ndogo zikapanda mpaka kama dola 90 kwa saa kwa anayeanza. Ndege zilezile, anga lilelile, na sisi walewale! Voisi yenu imetokea hapo.

Kwa hiyo usiuze. Shule peke yake inakula makumi elfu ya dola, masaa yanayobaki atayatafuta kwa kufundisha wengine kwa hela ya mboga, na asiye na makaratasi ya kuishi huku kampuni nyingi hazimtazami hata awe bingwa. Mpaka amalize, foleni inaweza kuwa imejaa tena maana habari nzuri mmesikia dunia nzima, sio nyie tu.

Ila kama anaipenda kweli, asikatishwe tamaa na mimi. Maana hata leo wakinirudisha kwenye zile dola 20,000 nitanung'unika wiki nzima halafu nitaenda kurusha, na wanaopanga mishahara wanalijua hilo vizuri sana.

Aanze na hesabu na Kiingereza. Anipigie Jumapili, Jumamosi niko standibai. Na ile hela ya mdogo wake inakuja mwisho wa mwezi, sio kabla, msianze kuniulizia.