Msaidizi wa Mtandaoni Hawezi Kuziona Korosho Zako

Ninauza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara mjini, na wateja wangu wengi wako Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Kwa muda mrefu nilijibu ujumbe wa WhatsApp mwenyewe, mkono mmoja ukiwa kwenye mizani na mwingine kwenye simu, hadi nilipobaini kwamba mteja aliyeniandikia asubuhi alikuwa akijibiwa usiku, wakati ameshanunua kwa mwingine. Ndipo nilipotafuta msaidizi wa mtandaoni, yaani mtu anayekaa kwake, popote alipo, akapokea oda, akaandaa ankara na kufuatilia mizigo kwa niaba yangu.

Wa kwanza hakumaliza hata mwezi, na kosa lilikuwa langu. Alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa kujibu, lakini kazi yote nilimweleza kwa simu kwa dakika kumi. Mteja wa Dodoma alipouliza mzigo wake ungefika lini, alimjibu kwamba ungefika jioni ileile, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia mabasi yetu huondoka alfajiri. Sikuwa nimemwambia kwamba kifurushi cha Dodoma hushushwa Dar es Salaam, kikalala kwa wakala, kisha kikapandishwa basi jingine kesho yake. Wiki hiyohiyo alimuuzia mama mmoja wa Arusha kilo kumi za korosho nzima kwa bei ya vipande. Mimi tofauti hiyo naiona kwa jicho tu. Kwake yeye zote zilikuwa korosho.

Kabla ya kumtafuta wa pili, niliweka daftari pembeni ya mizani na kwa siku tano nikaandika kila swali la mteja pamoja na jibu nililotoa. Maswali yalikuwa machache kuliko nilivyodhani, ila majibu yake yalihitaji maelezo ambayo sikuwahi kuyatamka. Kwa mfano, daraja la W240 maana yake ni kwamba ratili moja ina punje nzima 220 hadi 240, na W320 ni punje 300 hadi 320, kwa hiyo namba ikiwa ndogo korosho ni kubwa na bei yake hupanda. Asiyeambiwa hivyo atadhani kinyume chake. Vilevile orodha ya bei lazima iwe na tarehe, hasa kuanzia Oktoba minada ya korosho ghafi inapoanza, kwa sababu bei niliyonunulia wiki hii huenda isiwe ya wiki ijayo.

Msaidizi niliye naye sasa ni dada anayeishi Morogoro. Kabla hajaanza nilimtumia kwa basi pakiti ndogo ya kila daraja, azishike, azionje na azipige picha yeye mwenyewe. Gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na hasara ya zile kilo kumi za Arusha.

Kuhusu fedha, sina mzaha. Namba ya siri haimhusu msaidizi, hata awe mtoto wa dada yako. Wateja hulipa kwa lipa namba, ujumbe wa muamala huingia kwenye simu yangu, nami ndiye ninayesema mzigo utoke. Nilimkataza kabisa kukubali picha ya ujumbe wa malipo kutoka kwa mteja, maana ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. WhatsApp nayo haikulazimu kutoa simu wala laini yako: unaunganisha kifaa chake na akaunti ya biashara, na siku mkiachana unakiondoa. Tena kumbuka kwamba majina, namba na anwani za wateja si mali ya kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata sisi wenye vibanda, kwa hiyo jambo hilo liingie kwenye makubaliano ya maandishi.

Mjaribu kwa wiki mbili, na umlipe wiki hizo. Sioni haki ya kumfanyisha mtu kazi bure kwa jina la majaribio, na anayefanya bure hukuonyesha bidii ya siku chache tu. Andaeni pia njia ya dharura. Mei 2024 mikongo ya chini ya bahari ilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua nchini, waliokuwa na orodha ya wateja kwenye karatasi waliendelea kupiga simu na kutuma ujumbe wa kawaida.

Siku hizi, kabla sijamaliza chai, dada yule huwa ameshaniandikia: "Shikamoo dada, mzigo wa Dodoma umepanda gari?" Namtumia picha ya risiti ya kifurushi, naye anamwandikia mteja kwamba utafika kesho.