Ukishabadilisha vitu kwenye gari, vile orijino usiviuze haraka

Ukishafunga springi za kushusha au rimu za sport tu, swali linalofuata ni hizi za zamani nizipeleke wapi, na hapo fundi keshakwambia "niachie hizo bosi, nikupe elfu hamsini". Mi nimekaa na Toyota Mark II GX110 hapa Mbeya miaka kadhaa, nimeishusha, nikaipandisha, mwisho nikaiuza, kwahiyo nnachokwambia nimekipitia mwenyewe. Springi, shokapu, rimu, taa na kontrolboksi (kompyuta ya injini) zilizokuja na gari usiziuze mpaka siku gari yenyewe inaondoka mikononi mwako.

Kwanza angalia barabara zetu. Ukiwa mjini, Uyole mpaka Mbalizi kwenye lami, gari iliyoshuka haina shida. Sasa ingia kijijini Rungwe au Ileje mwezi wa tatu au wa nne uone, mvua za huku mnazijua wenyewe, malori ya ndizi yameshachimba njia, katikati pamebaki tuta refu na gari inakwangua chini mwanzo mwisho. Mi masika yakikolea nilikuwa narudisha springi za Japan, kwa fundi anayejua ni kazi ya siku moja tu, unapitia alaimenti unaendelea na maisha, mvua zikikata unafunga zako fupi. Hilo linawezekana kama zile ndefu zipo stoo. Ndo maana fundi akikwambia tusinunue springi fupi, tukate hizi hizi kwa grainda, mkatalie kabisa, springi ikishakatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake na hamna tena cha kurudisha.

Halafu kuna suala la upatikanaji. Mtu wa Dar anaenda Ilala au Kariakoo anachambua mpaka anaridhika. Sisi huku Mwanjelwa spea za gari zilizozoeleka zipo, ila ukitaka shokapu za mtumba za gari ambayo sio kila mtu anayo unaagiza Dar, inapandishwa basi, inasafiri kilomita zaidi ya 800, unafungua mzigo unakuta imeshavuja oili kuliko hata ile uliyoitoa. Ya kwako wewe unajua imetembea wapi na imetunzwa vipi, hiyo hela ya haraka ya gerejini haifanani na hiyo thamani hata kidogo.

Ila sababu kubwa kuliko zote ni siku ya kuuza. Wateja wengi wa magari huku ni wafanyabiashara, walimu, wakulima wenye hela zao za mpunga au viazi, na swali lao la kwanza kabla hata hawajauliza bei ni "gari haijachezewa?". Akiona imelala chini na mofla inanguruma, anaanza kukutoa bei hapo hapo, na ana haki, hajui umegusa nini kingine. Mi nilirudisha kila kitu kabla sijamwambia dalali. Jamaa akaja na fundi wake, fundi akalala chini ya gari na tochi ya simu, akazungushia springi mkono, akakagua nati za shokapu, akatoka akasema "ipo vile vile ilivyotoka Japan". Tukaanza kuongea bei kwa amani. Rimu za sport na springi fupi nikamuuzia kijana mwingine wa Iringa mwenye gari kama ile, na hela yake ikawa nzuri kuliko kama ningeziacha kwenye gari.

Masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi wa injini, nayo watayataka sana, yana platinamu na paladiamu ndani ndo maana kuna watu wanazunguka gereji wanayanunua. Kama umeyatoa kwa sababu yoyote yatunze uje kuyarudisha, kwani ukiyatoa taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashi na mnunuzi akiiona hiyo ndo basi tena.

Vya kuuza vipo. Redio ya Japan uza tu, FM yake kwenye magari ya miaka ile inaanzia 76 inaishia 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Ila waya wa soketi usikatwe. Kapeti, kava za siti, mofla iliyoanza kuoza, toa hivyo stoo ipumue.

Kwenye kutunza sasa, huku kuna ukungu na unyevu, usitupe chuma kwenye sakafu ya simenti. Panga juu ya mbao, springi zipake oili, shokapu zisimamishe wima, taa zifunge na nguo kwenye boksi mbali na jua. Na nati za rimu, hapa naomba unielewe vizuri, rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa, za sport nyingi zinatumia nati yenye ncha ya koni. Ukirudisha rimu za Japan kwa nati za sport hazikai sawasawa, tairi linaweza kulegea uko katikati ya mlima Kitonga unashuka. Kwahiyo siku unazitoa tu, nati zote ziweke kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye rimu yenyewe, usimwachie fundi.