Unajiandaa na kilomita 200 za baiskeli? Soma hii kabla hujanunua kifaa

Habari zenu wakuu. Hii nawaandikia mnaoanza, hasa mliokwisha jiandikisha safari yenu ya kwanza ya kilomita 150 au 200 na sasa kila siku mnaulizana mnunue nini. Mi nimeshapita huko, nimenunua vitu vingi, vingine navitumia mpaka leo na vingine vimelala tu kwenye droo.

Kwanza kabisa, mwezi wa kwanza usinunue kitu chochote. Simu uliyonayo inatosha, weka apu ya kurekodi safari kama Strava au Ride with GPS, bonyeza kurekodi, zima skrini, tia simu mfukoni uendeshe. Mwezi ukiisha utakuwa na swali lako mwenyewe. Kuna atakayejiuliza mbona nachoka nikifika saa ya tatu, mwingine mbona napotea njia, mwingine mbona chaji haifiki mwisho, na hayo maswali kila moja lina kifaa chake, sasa ukikimbilia kununua kabla hujajua lako ni lipi utakuwa unalipia jibu la swali la mtu mwingine.

Wengi wenu swali litakuwa hilo la kuchoka. Na sababu kubwa ni kuanza kwa kasi mno, yaani mwili bado mbichi, miguu inajisikia vizuri, unawaka moto saa nzima ya kwanza halafu unakuja kulipia baadaye. Hapa ndo nawaambia kitu cha kwanza kununua ni mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Nakumbuka siku ya kwanza kuuvaa, nilikuwa naamini kabisa kwamba naenda taratibu, kumbe kwenye kimlima kidogo tu namba inasoma 168 na hata kilomita ya 10 sijafika! Nikajilazimisha safari zote ndefu nisivuke 135 hivi, wiki za mwanzo nilitamani kulia maana nilikuwa napitwa na kila mtu, ila baada ya kama miezi miwili mapigo yaleyale 135 yakawa yananipeleka kwa kasi nzuri tu na nafika nyumbani bado nina nguvu. Hiyo 135 ni yangu mimi, usiichukue. Na ile hesabu ya 220 toa umri wako ni makadirio tu, inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Njia rahisi ya kupata namba yako ni kuongea: endesha huku unaongea sentensi nzima nzima, pale unapoanza kukatiza maneno ili uvute pumzi, tazama namba, kaa chini ya hapo.

Saa ya mkononi nayo inapima moyo lakini kwenye baiskeli mkono umekaza usukani na barabara inatikisa, namba zinarukaruka. Mkanda ni bora zaidi ila uloweshe kwanza vile vipande viwili vinavyogusa ngozi, matone machache ya maji yanatosha, bila hivyo dakika 10 za kwanza utasoma vituko mpaka jasho lije. Mkiwa mnanunua hakikisheni una Bluetooth na ANT+ (njia nyingine ya kutuma namba bila waya) zote mbili, kwa sababu simu nyingi zinataka Bluetooth, na ANT+ inatuma kwa vifaa vingi kwa wakati mmoja.

Kipima nguvu, kile cha kuhesabu wati, ni kifaa kizuri kweli, moyo unachelewa kupanda na siku ya joto au ukilala vibaya unapanda zaidi kwa kazi ileile, ila wati inakwambia papo hapo miguu inafanya nini. Lakini ni ghali, na bila kufanya kile kipimo cha dakika 20 za kujikaza mpaka mwisho, ukachukua asilimia 95 ya wastani wako, ni namba tu za kutazama. Ngoja mwaka wa pili.

Sasa njia na chaji, hapa naomba mnisikilize vizuri. Mi simu ilinizimikia kilomita ya 130, ramani iko humo, namba za watu ziko humo, giza linaingia. Kosa lilikuwa kuacha skrini inawaka tangu asubuhi, hakuna simu inayovumilia hivyo siku nzima. Kama safari inapita saa 5 au 6 kompyuta ndogo ya baiskeli, iwe Garmin au Wahoo au nyingine, inastahili hela yake, maana skrini yake inasomeka juani na betri nyingi zinakaa saa 15 na kuendelea. Hela haipo? Beba pawabenki ya mAh 10,000, na mvua ikinyesha usichomeke waya kwenye simu iliyolowa. Ramani ipakue nyumbani uwe nayo bila intaneti, na kama njia umeichora kwenye Komoot, apu ya kupanga njia, kague aina ya barabara kipande kwa kipande kabla hujaiamini, kinachoitwa njia kinaweza kuwa mchanga mtupu.

Setingi moja watu hawaijui. Apu nyingi zinasimamisha saa zenyewe ukisimama, na wastani wako unapendeza. Ila kwenye safari za Audax, zile ndefu za kumaliza ndani ya muda uliopangwa, kilomita 200 unapewa saa 13 na nusu jumla, na kunywa maji na kubadilisha tyubu vyote vimo humo. Weka muda wote tangu uanze uonekane kwenye skrini. Pia weka alamu ya kula kila dakika 20, we kula tu hata kama husikii njaa, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Mi hiyo alamu naiona ina faida kuliko sensa zote nilizowahi kufunga.

Kuhusu kushindana kwenye vipande vya Strava, yaani sehemu za barabara ambazo apu inalinganisha muda wako na wa wengine, siku za mazoezi ya taratibu zima hizo arifa kabisa, zinakuharibia safari. Na nenda kwenye faragha ufiche mahali unapoanzia na kuishia, sio kila mtu ajue baiskeli inalala wapi.

Ukirudi, kabla hujalala, suuza mkanda kwa maji ya kawaida na uchomoe ile sensa ya mbele, ukiiacha imebanwa kwenye mkanda uliolowa jasho inaendelea kuwaka na kabetri kake kanaisha haraka sana.