Bibi Hataki Watalii Kihambani

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, mwenyeji wa Marangu. Watalii wengi huniomba niwaonyeshe shamba la kahawa, nami naona kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, alichotuachia babu kinaweza kutuingizia kipato. Bibi amekataa katakata. Baba mdogo, ambaye kimila ndiye mrithi wa nyumba kwa kuwa ni kitinda mimba, amekubali kwa sharti kwamba fedha zote zipitie mikononi mwake. Je, nianze kimya kimya, bibi atazoea?" (Mjukuu, Marangu)

Marahaba, mwanangu. Usianze kimya kimya. Katika kihamba, ambako migomba, kahawa, zizi na makaburi ya wazee vimo ndani ya mpaka mmoja wa mimea ya masale, hakuna mgeni atakayepita bila bibi yako kumwona.

Barua yako haielezi ni nini hasa anachokikataa, nami nashuku kwamba hujamuuliza. Huenda hana neno na mgeni anayekuja kuonja kahawa iliyokaangwa jikoni kwake, ila hataki kaburi la mumewe lipigwe picha, wala yeye mwenyewe kuimbishwa kwenye kinu kila asubuhi kana kwamba ameajiriwa na mjukuu wake. Tembea naye shambani, akuonyeshe mgeni aishie wapi, na hapo pawe mwisho kweli, hata mtalii akiongeza dau.

Lipo pia suala la kazi, ambalo vijana wengi hulisahau. Msimu mkubwa wa wageni, kuanzia Juni hadi Oktoba, hukutana na mavuno, na kahawa iliyochumwa asubuhi haina budi kumenywa siku hiyohiyo, la sivyo huanza kuchacha na ubora wake kushuka. Wewe ukiwa unawasimulia wageni habari za mfongo unaoleta maji, nani atakuwa anazungusha mashine ya kumenyea kahawa? Kama jibu ni bibi na mke wa baba mdogo, basi umeshapata sababu nyingine ya kukataliwa.

Kuhusu baba mdogo, mila inampa nyumba pamoja na wajibu wa kuwatunza wazee. Haimpi jasho lako. Hata hivyo, yeye ndiye aliyebaki kuweka samadi wakati wewe ukipanda mlima, kwa hiyo usimchukulie kama kupe. Pendekeza kwamba mapato yalipe kwanza waliofanya kazi, kisha shamba lenyewe, na kinachobaki kigawanywe kwa makubaliano ya maandishi. Kama ardhi yenu ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu familia kupewa hatimiliki ya kimila kwa pamoja, na ningependa majina ya bibi na ya shangazi zako, ambao hukuwataja hata mara moja, yawemo. Leseni ya biashara ya utalii nayo ni lazima, lakini hiyo ifuate baada ya ninyi kuelewana.

Ombeni kikao Desemba, ndugu wote wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Hadi hapo, wanaokuomba wapeleke kwa majirani ambao tayari wanapokea wageni, kisha ubaki hadi jioni uone ni nani anayeosha vikombe na ni nani anayehesabu fedha.