Ndiyo dada, nenda, ni kanisa lako

Dada, umeuliza kama Mwanglikana wa Dodoma anaweza kushiriki Juma Kuu, na hata kujitolea, kwenye parokia ya Episkopali huko Marekani. Nenda bila wasiwasi, wao ni Waanglikana kama sisi. Umebatizwa, basi Meza ya Bwana ni yako pia. Kitabu chao cha Sala ni cha 1979, na mpangilio wa ibada utautambua hata kama Kiingereza kinakupita mbio.

Usikose Alhamisi Kuu. Watu hutawadhana miguu, kisha altare huvuliwa kila kitu, vitambaa, vinara, mpaka inabaki meza tupu, na mnatoka kimya. Mara ya kwanza nililia. Mkesha wa Pasaka nao huanzia gizani, kwa moto mpya na mshumaa mkubwa.

Kuhusu kujitolea, anza na kahawa ya baada ya ibada au kugawa chakula kwa wenye uhitaji. Ukiosha vikombe na mtu, mnajuana haraka. Kazi za watoto huwa zinahitaji mafunzo na ukaguzi kwanza, kwa hiyo usivunjike moyo ukiambiwa usubiri. Jumapili msalimie kasisi mlangoni, umwambie umetoka Dodoma.