Urezidenti wa dharura: mfuate mgonjwa wako hadi wodini

Kila mwaka madaktari wanaomaliza intern hunitafuta wakiuliza kama wasomee tiba ya dharura, na karibu wote huanza na zamu za usiku: je, zinavumilika? Zinavumilika. Kinachomkwamisha rezidenti wa dharura, yaani daktari anayesomea ubingwa huku akihudumia wagonjwa, ni kingine kabisa, nacho hukioni ukiwa nje. Sisi humwona mgonjwa mwanzoni tu. Anafika pumzi inamkata, anawekewa oksijeni na kanula, dawa zinaanza, anapandishwa wodini, na kitanda kinapata mtu mwingine kabla hakijapoa. Mwenzako wa magonjwa ya ndani atakaa na mgonjwa huyo wiki nzima, ataona kama alichokidhania kilikuwa kweli. Wewe usipomtafuta hutajua. Unaweza kumaliza miaka mitatu ukiwa na mikono myepesi sana, na kichwani umejaza dhana ambazo hakuna aliyewahi kukusahihisha.

Nasema haya kama mtu aliyepikwa Muhimbili, ambako mafunzo ya ubingwa wa dharura yalianza mwaka 2010, mwaka uleule idara yenyewe ilipofunguliwa, na wahitimu wa kwanza wakatoka 2013. Fani hii bado ni changa kwetu. Ndiyo maana nataka wanaoingia sasa waingie na tabia ya kufuatilia tangu wiki ya kwanza.

Nitaeleza kisa kimoja. Mtoto wa kama miaka mitatu aliletwa alfajiri, degedege halikatiki, mama yake kamfunga kwa khanga na bado ana vumbi la njiani miguuni. Muuguzi alimchoma kidole, mashine ikaandika LO bila tarakimu yoyote, maana yake sukari iko chini kuliko inavyoweza kusoma. Kabla sijamaliza hesabu yeye alikwisha kuvuta glukosi ya asilimia 10: mililita 5 kwa kila kilo, mtoto ana kilo 12, basi mililita 60, taratibu mshipani. Degedege likakata. Akaanza kulia, na chumba kizima kikashusha pumzi. Kipimo cha malaria kikasoma ndiyo, akachomwa artesunate, dripu yenye glukosi ikaendelea, akapandishwa wodi ya watoto. Kwa upande wetu kazi ilikuwa imeisha, tena imefanyika vizuri.

Kesho yake nilipanda wodini. Sista wa zamu akanifungulia jalada na kunionyesha: usiku ule sukari ilishuka tena mara mbili. Aliidaka kwa sababu yeye ana mazoea yake, mtoto mwenye malaria kali humpima kila anapopita, awe amelala vizuri au vibaya. Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba vimelea na mwili wenye homa hula sukari, ini linashindwa kuitengeneza, na mtoto mwenyewe hali chochote. Lakini kuziona zile namba mbili kwa mwandiko wa saa tisa usiku ndiko kulikoniingia. Tangu hapo, ninapomkabidhi mtoto wa namna hiyo siandiki tu kwamba sukari ilikuwa chini ikarekebishwa. Naandika ipimwe tena saa ngapi, na ikishuka afanyiwe nini. Kitabu hakikuwa kimenifundisha kuandika hivyo.

Namna ya kufuatilia ni rahisi, ugumu uko kwenye kuishikilia. Uwe na kadaftari ka mfukoni. Usiandike majina wala namba za jalada humo, hayo yabaki kwenye rejista ya idara. Wewe andika umri, kilichomleta, ulichodhani ni nini, na ulichoogopa kuliko vyote. Hicho cha mwisho ndicho chenye faida zaidi. Baada ya siku mbili tatu rudi, andika kilichopatikana. Usiende ukiwa umetoka zamu ya usiku, utasoma jalada lote bila kuambulia kitu. Wahi nusu saa kabla ya zamu ya mchana, pita wodi moja au mbili, basi. Na uende kwa adabu. Watu wa wodini wamezoea kuona dharura inawarundikia wagonjwa kisha inawalaumu kwamba hawana vitanda. Ukiingia unafunua majalada kama mkaguzi, watakufungia mlango. Ingia kwa salamu: "Shikamoo sista, yule mgonjwa wetu wa kitanda cha dirishani anaendeleaje?" Utaambiwa na yale yasiyoandikwa popote. Faida nyingine utaiona siku utakapopiga simu kuomba kitanda, ukakuta upande wa pili kuna mtu anayekufahamu.

Kwa majeruhi, fuata hadi chumba cha upasuaji. Tunapokea vijana wengi wa bodaboda. Mmoja anakuja anaongea, presha iko sawa, ila mapigo yanakimbia na ngozi ya baridi. Unaweka altrasaundi tumboni, unatafuta ule mstari mweusi kati ya ini na figo ambao ni damu. Isipoonekana mara ya kwanza haina maana haipo, huenda haijajaa vya kutosha kuonekana, kwa hiyo hali ikibadilika unarudia. Sasa kama zamu yako imekwisha na bingwa wa upasuaji amekuruhusu, vaa nguo za kijani uingie uone tumbo likifunguliwa. Uliona ukanda mwembamba kwenye kioo. Ona sasa ulikuwa damu kiasi gani na ilitoka wapi. Altrasaundi utaijua kwa kulinganisha hivyo, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Rezidenti anayepiga picha nyingi asijue zilikuwa na ukweli gani anajizoeza kujiamini tu.

Lakini kufuatilia peke yake kuna mpaka, na hili huwa nawaambia wale wanaoudharau usomaji wa makala za utafiti. Chukua asidi ya traneksamiki. Utafiti mkubwa wa CRASH-2, uliochapishwa 2010 na uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha dawa hii inapunguza vifo kwa wanaovuja damu baada ya ajali, nayo inafaa kuanzwa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Watu wakaona, kama inazuia damu, basi na anayetapika damu apewe. Ungefuatilia wagonjwa wako kumi wa kutapika damu waliopewa dawa hiyo, pengine wanane wangepona ukaapa kwamba inasaidia. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa HALT-IT: kwa wanaovuja damu kwenye njia ya chakula haikupunguza vifo, na damu kuganda kwenye mishipa ikaongezeka. Wagonjwa kumi wa kadaftari kako hawawezi kukuambia hilo. Kwa hiyo soma, na kikao cha kujadili makala usikigeuze saa ya kusinzia.

Wapo utakaowafuata ukakuta kitanda kimetandikwa upya. Nenda hata hivyo, uliza alifariki saa ngapi na kwa nini, andika. Na kama kifo kimetokea mikononi mwako palepale dharura, usimwachie intern kazi ya kuwaambia ndugu. Watafutie mahali pa kukaa, nawe ukae. Waambie kwamba amefariki, kwa maneno yasiyozunguka, kisha unyamaze mpaka wao waulize. Nimeona ndugu wakiendelea kumwandalia mgonjwa uji kwa sababu daktari aliwaambia "hali imebadilika" akaondoka. Baada ya hapo kusanya timu dakika tano, mwulize kila mmoja yuko vipi, hasa kama aliyefariki ni mtoto. Dakika hizo tano zipo hata siku yenye foleni. Hakikisha tu unazitenga.

Kuhusu usingizi nina neno moja: baada ya zamu ya usiku usiendeshe gari. Panda bajaji au mwendokasi, na mwambie mwenza wako mapema ratiba ya mwezi mzima ili asiwe anakisia.

Wewe unayeingia mwaka huu, usiubebe mzigo wa vitabu wiki ya kwanza. Zamu mbili za mwanzo kaa karibu na muuguzi mwenye miaka mingi pale, mwombe akuonyeshe vifaa vya njia ya hewa vinakaa droo gani, na ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa pumzi) ya watoto wachanga ni ipi. Mwombe pia akueleze anamtambuaje mgonjwa anayezidiwa kabla mashine haijalia. Wengi watakujibu kwa kukuonyesha mtu aliyekaa kimya pembeni ya benchi. Mwandike huyo awe wa kwanza kwenye kadaftari kako, na keshokutwa panda wodini umuulizie.