Taiwo na Kehinde si majina ya ukoo
We uliyeuliza kama Taiwo na Kehinde ni majina ya ukoo, hapana aisee, hayo ni majina ya mapacha kwa Wayoruba, kabila la Nigeria, kama Wasukuma walivyo na Kulwa na Doto. Ila utamu uko hapa, Taiwo ndo anatoka kwanza lakini mkubwa ni Kehinde, eti kamtuma mwenzie akaonje dunia ikoje, halafu anayezaliwa baada yao ni Idowu, huyo hana ujanja, jina lilishamsubiri. Waigbo wa huko huko Nigeria nao wana siku 4 za soko, Eke, Orie, Afo na Nkwo, na mtoto wa kiume anapewa jina la siku aliyozaliwa, ndo unapata kina Okeke, Okorie, Okafor na Okonkwo. Danjuma wa Kihausa? Juma wetu tu huyo, kazaliwa Ijumaa.